Mashine ya kuuzia vinywaji Dodoma: hesabu inayoanzia barabarani

Anayenunua mashine ya kuuzia vinywaji na vitafunwa mara nyingi huamini amenunua duka lisilohitaji muuzaji. Ataisimamisha ukutani, mteja atalipa kwa simu, springi itazunguka, chupa itadondoka, naye atakuwa nyumbani Ilazo akipokea ujumbe wa pesa. Sehemu kubwa ya imani hiyo ni kweli. Iliyobaki ndiyo inayokula mtaji. Mashine haina muuzaji, lakini ina mtu wa kuijaza, kuifuta vumbi, kukusanya noti, kung'oa kilichokwama na kumrudishia pesa mteja aliyelipa akakosa soda yake. Mtu huyo anatoka mahali fulani kwenda mahali pengine, na kila anapofungua mlango wa mashine ameshatumia mafuta, muda na mshahara. Biashara hii ni ya usafirishaji kwanza, rejareja baadaye.

Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi huulizana bei ya mashine kutoka China kabla hawajaulizana umbali wa Kizota hadi Mtumba. Na Dodoma umbali ni jambo zito kuliko miji mingi. Jiji hili limetawanyika. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, na katika miaka yote ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, hadi ilipovunjwa mwaka 2017, mji ulipangwa kwa nafasi, si kwa kubanana. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Ni wengi wa kutosha kwa biashara yoyote ya vinywaji, ila hawako sehemu moja, na wewe ndiye utakayewafuata.

Mashine moja kwa mwezi mmoja

Tuchukue mashine moja yenye friji, imewekwa kwa mteja mdogo: gereji yenye mafundi na wateja wanaosubiri magari, au hosteli ya binafsi ya wanafunzi. Bei ninazotumia ni za mfano, kila mtu aweke za kwake, lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Mashine inauza vitu 25 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hivyo ni vitu 650. Bei ya wastani ni shilingi 900, kwa hiyo mauzo ni shilingi 585,000. Baada ya kutoa bei ya jumla ya kununulia, kila kimoja kinakuachia shilingi 250, na faida ghafi ya mwezi ni 162,500. Wengi huishia hapo, wanazidisha kwa mashine kumi, wanakwenda kukopa.

Sasa tuanze kutoa. Friji ya mashine ya namna hii, hasa ya zamani kidogo, inaweza kula uniti 6 za umeme kwa siku, na haipumziki Jumapili. Uniti 180 kwa mwezi, kila moja kama shilingi 356 ukijumlisha VAT na tozo, ni kama 64,000. Mwenye eneo umemuahidi kamisheni ya asilimia 10 ya mauzo: 58,500. Inabaki 40,000. Sasa ongeza safari. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, pamoja na dereva na mafuta tuseme ni 30,000 kwa siku, na siku hiyo kinahudumia mashine sita, yaani 5,000 kwa kila mashine. Ukiijaza mara nane kwa mwezi, 40,000 imekwisha.

Umebaki na sifuri. Na bado hujagusa bei ya mashine yenyewe. Kama imefika Dodoma kwa shilingi 6,000,000 na unataka iwe imejilipa ndani ya miaka mitano, kila mwezi inakudai 100,000. Hujagusa pia makato ya malipo ya simu, biskuti zilizopita muda, wala jasho lako.

Hesabu hii haimaanishi biashara haipo. Inaonyesha kwamba mashine inayouza vizuri kwa macho ya mpita njia inaweza kuwa inamlisha kila mtu isipokuwa mwenye nayo. Inaonyesha pia mahali pa kushika: bei, umeme, kamisheni, idadi ya safari na urefu wa safari. Hivyo vitano havina uzito sawa, na hapo ndipo penye fundo.

Saa na geti

Bei ndiyo nyepesi kuisogeza na ndiyo inayoogopwa zaidi. Hofu hiyo inaeleweka. Nje ya geti yuko machinga mwenye ndoo ya maji ya baridi, kuna duka la Mangi lenye friji ya kampuni ya soda, kuna mama lishe mwenye chai na maandazi ya moto. Mashine haitawashinda hao saa nne asubuhi, na isijaribu. Muuzaji anayekaa hapo tangu alfajiri ana gharama ndogo kuliko umeme wako, anamjua mteja kwa jina na anakopesha. Mashine haikopeshi.

Mashine inashinda pale wenzake hawapo. Hosteli inayofunga geti saa nne usiku. Zahanati yenye wodi, ambako mtu anamuuguza mama yake na saa nane za usiku hana pa kununua maji. Kiwanda kidogo chenye zamu ya usiku huko Kizota au Nala. Kituo cha mafuta kinachokesha barabara ya Dar es Salaam, ambako dereva wa lori anapita saa kumi alfajiri. Ofisi yenye ulinzi ambayo mchuuzi haruhusiwi kuingia, na kutoka hadi getini ni mwendo wa dakika kumi juani. Katika maeneo hayo mteja halinganishi bei yako na ya Mangi, kwa sababu Mangi amelala au yuko mbali. Analinganisha na kukaa na kiu.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye eneo liwe hili: watu wako wanakunywa nini wakati duka la jirani limefungwa? Idadi ya wafanyakazi ifuate baadaye. Eneo la watu 200 wanaotoka wote saa tisa alasiri linaweza kuuza kidogo kuliko hosteli ya watu 60 wanaokesha na vitabu.

Na pale ambapo saa na geti vinakupa nafasi, weka bei ya 1,000. Angalia inavyofanya kazi: kwa mashine inayouza vitu 780 kwa mwezi, yaani 30 kwa siku, shilingi 100 ya nyongeza inaleta 78,000, na haikuongezei safari wala uniti ya umeme. Hakuna marekebisho mengine yanayokaribia hapo kwa kazi ndogo namna hiyo. Bei ya mviringo inakuondolea pia adha ya chenji, jambo nitakalolirudia. Ila nina sharti moja ninalolishikilia: maji ya kunywa wodini yasipandishwe. Anayemuuguza ndugu yake hana chaguo, na kupata faida kwa mtu asiye na chaguo ni jambo la kumuonea mtu haya. Pandisha soda na biskuti, maji yabaki bei ya mtaani.

Kalenda ya Dodoma nayo ina saa zake. Bunge la Bajeti likikaa, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, nyumba za wageni hujaa na mashine za mapokezini hufanya kazi kweli kweli. Agosti, viwanja vya Nanenane Nzuguni huvuta watu. Vyuo vikifunga, mashine ya hosteli inaweza kukaa wiki nyingi ikila umeme bila kuuza, na hapo ni heri kuizima, kuitoa bidhaa na kuihamishia kwa muda kwingine kuliko kuitazama. Anayepiga hesabu ya hosteli kwa miezi 12 anajidanganya.

Njia moja, si ramani nzima

Turudi kwenye zile 5,000 za kila mashine. Zilitoka wapi? Zilitoka kwenye dhana kwamba mashine sita zinahudumiwa kwa siku moja. Dhana hiyo ikivunjika, kila kitu kinavunjika. Mashine ikiwa peke yake Msalato, na kirikuu kinapita huko kwa ajili yake na mwenzake mmoja tu, siku ile ile ya 30,000 inagawanywa kwa mbili. Kila ziara inakuwa 15,000. Kwa ziara nane ni 120,000 kwa mwezi, na mashine hiyo hata ikiuza kuliko zote inakula faida ya wenzake.

Kwa hiyo panga kwa barabara. Dodoma inajieleza yenyewe: barabara ya Dar es Salaam inatoka mjini kwenda Nzuguni, Ihumwa hadi Mtumba, barabara ya Singida inakwenda Kizota na Nala, upande wa UDOM na Hospitali ya Benjamin Mkapa ni eneo jingine linalojitosheleza kwa wanafunzi na wagonjwa. Chagua moja. Jaza hiyo moja mpaka mashine zikaribiane, ndipo ufikirie ya pili. Mteja mzuri wa Nala akikupigia simu wakati mashine zako zote ziko barabara ya Mtumba, mwambie ukweli kwamba utafika kwake utakapokuwa na majirani zake. Ni jibu gumu kulitoa kwa mtu anayekutaka, hasa mwanzoni unapohitaji kila shilingi, lakini kukubali kila anayeita ndiko kunakogeuza njia kuwa utando wa safari zisizolipa.

Wafanyabiashara wadogo wana faida moja hapa ambayo taasisi kubwa haina: wanakaa pamoja. Gereji huwa zimepangana. Jengo moja lina saluni, duka la vipuri, ofisi ya wakala wa bima na mtu wa kuchapisha nyaraka. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuibeba mashine peke yake, ila korido yao inaweza. Ongea na mwenye jengo kuhusu nafasi na umeme, kisha pita mlango kwa mlango uwaulize wapangaji wanapenda nini. Mashine ya korido ina wateja wa biashara tano na ziara moja.

Siku ya safari inaanza ghala, na hapa ndipo muda mwingi hupotea bila mtu kuuona. Mjazaji asiyejua kilichouzwa hubeba kila kitu kama anahamisha duka, anafika, anafungua, anahesabu, anarudi kwenye gari, anachagua, anaingia tena. Dakika arobaini zimekwenda. Mwenzake mwenye mashine inayotuma taarifa kwa laini ya simu anajua jioni ile ile kwamba mashine ya zahanati imepungukiwa na maji 41, juisi 9 na karanga 14. Usiku anapanga kreti moja yenye jina la zahanati, vitu hivyo tu. Asubuhi anaingia na kreti moja, anatoka nayo tupu. Mashine sita kwa siku zinawezekana kwa huyu wa pili. Kwa wa kwanza, nne ni za kumshukuru Mungu. Modemu inayotuma taarifa hizo na laini yake vinagharimu, lakini tofauti ya mashine nne na sita kwa gari lile lile ni tofauti ya 7,500 na 5,000 kwa ziara.

Kama mashine yako haina modemu, daftari linatosha kuanzia. Andika kila ziara: umekuta vingapi, umeweka vingapi, kipi kimekwisha. Baada ya wiki chache utakuwa unajua mwendo wa kila eneo na kreti utaipanga kwa makadirio yasiyo mbali na ukweli.

Imejaa lakini haina maji

Jambo linalofuata ni dogo kwa umbo na ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi. Mashine yetu ya mfano ina safu 40, kila safu ikibeba vitu 6. Jumla 240. Kwa mauzo ya vitu 25 kwa siku, ingekaa siku tisa bila kuguswa. Kwa nini basi ijazwe kila baada ya siku tatu?

Kwa sababu maji yamepewa safu mbili. Safu mbili ni chupa 12, na eneo linauza chupa 10 kwa siku. Siku ya pili kabla ya chakula cha mchana maji yamekwisha. Mashine bado imejaa, inang'aa, ina aina kumi na tano za biskuti, na mtu mwenye kiu anaondoka. Ukifika siku ya tatu unaweka chupa 12 tena, umetumia 5,000 kuweka bidhaa ambayo faida yake haifiki 5,000.

Hapo dawa ni kupanga safu kwa kasi ya kuuza, badala ya kupendeza kwa macho. Kwa chupa 10 kwa siku, wiki nzima inahitaji chupa 70, yaani safu 12. Toa aina kumi za biskuti zinazouza moja kwa wiki, maji yachukue nafasi yao. Mashine itaonekana maskini kwa aina na tajiri kwa kazi. Ziara zitashuka kutoka nane hadi nne kwa mwezi, na mauzo yatapanda kwa sababu maji hayaishi tena. Hapo ndipo vitu 25 kwa siku vinapokuwa 30 bila mteja mpya hata mmoja.

Kinachowekwa pia kina neno lake. Soda na maji ya kampuni kubwa vina faida nyembamba, kwa kuwa bei yake inajulikana hadi kijijini. Karanga za kukaanga, ubuyu, korosho na zabibu kavu vina faida pana zaidi, na hapa Kanda ya Kati karanga na zabibu zinalimwa mlangoni. Nunua kwa wasindikaji wadogo wa hapa. Mradi pakiti ziwe na alama ya TBS, Shirika la Viwango, zimefungwa vizuri na ziwe ngumu kiasi cha kusimama kwenye springi, kwa sababu pakiti laini hujikunja, hukwama na kukuletea simu ya malalamiko. Msindikaji ambaye hajapata alama anaweza kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, apate utambulisho wa kwenda TBS. Chokoleti zisahau kuanzia Septemba hadi mvua zitakaposhika, isipokuwa ziwe upande wa friji.

Umeme, vumbi na mwenye eneo

Hakuna kinachogombanisha watu Tanzania kwa haraka kama mita ya LUKU ya pamoja. Mwenye gereji aliyekukaribisha kwa moyo mweupe atakuja mwezi wa pili na kusema uniti zinakwisha kuliko zamani. Huenda ni mashine, huenda ni mashine yake ya kuchomelea. Bila kipimo, mtabishana mpaka urafiki uishe. Funga mita ndogo kwenye waya wa mashine siku ya kwanza, mwenye eneo akiwepo, namba ya kuanzia iandikwe na nyote wawili. Mwisho wa mwezi mnasoma, unamlipa uniti zake, yameisha.

Kisha mwelewane juu ya jambo la pili: umeme au kamisheni, si vyote viwili. Kwa mteja mdogo mashine isiyobeba mauzo makubwa haiwezi kulipa pande zote. Ukilipa umeme wote na usitoe kamisheni, mashine yetu ya vitu 30 kwa siku inakaa hivi: faida ghafi, baada ya kuongeza karanga na zabibu, tuseme 280 kwa kila kitu, ni 218,400. Toa umeme 48,000, kwa kuwa umeupunguza kwa njia nitakayoeleza sasa hivi. Toa ziara nne, 20,000. Inabaki 150,400. Toa 100,000 ya mashine, una 50,400. Ukifikia bei ya wastani ya 1,000, ongeza 78,000. Sasa una 128,400, na makato ya simu, bidhaa mbovu na posho yako vina mahali pa kutoka. Mwenye eneo anapata nini? Anapata huduma kwa wateja wake bila kuajiri mtu, umeme unaolipwa kwa kipimo, na kama mauzo yakivuka kiwango mlichokubaliana, kamisheni ya ile ziada. Weka kiwango hicho kwenye maandishi, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi.

Umeme hupungua kwa mambo matatu ya kawaida. Kwanza kivuli. Kioo cha mashine kikitazama magharibi, jua la Oktoba linaifanya friji ikimbie alasiri yote. Pili saa ya kuzima: maji, soda na juisi za pakiti ambazo hazijafunguliwa haziharibiki zikipoteza baridi kwa saa chache usiku mahali pasipouza usiku. Maziwa na mtindi yanaharibika, hivyo mashine yenye maziwa isizimwe kamwe. Tatu ni vumbi, na kwa Dodoma hili lina uzito wake. Kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya maana, upepo unapuliza, na vumbi jekundu linaziba kondensa nyuma ya friji. Kondensa iliyoziba inashindwa kutoa joto, kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi, umeme unapanda na mwisho kompresa inakufa. Brashi laini na dakika tano kila wiki mbili wakati wa kiangazi zinaokoa kifaa cha bei kuliko vyote ndani ya mashine. Ongeza kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Pesa na imani ya mteja

Sarafu zetu ni za 50, 100, 200 na 500. Mashine inayopokea noti ya 2,000 kwa bidhaa ya 700 inatakiwa kurudisha 1,300, na ili ifanye hivyo siku nzima lazima uijaze sarafu, yaani mtaji uliolala tumboni mwa mashine. Noti chakavu zinakataliwa na kisomaji, mteja anairudisha mara nne, foleni inakasirika. Bei za 500 na 1,000 zinapunguza tatizo hilo karibu lote.

Malipo ya simu yanaliondoa kabisa, lakini yanaleta jingine. Mteja anapolipa, taarifa inatoka kwa kampuni ya simu kwenda kwenye kompyuta ya mwenye mfumo, na kutoka hapo amri inatumwa kwa mashine kupitia laini iliyomo ndani. Hatua moja ikichelewa, pesa imekatwa na springi imetulia. Mteja huyo hajali hatua. Anachojua ni kwamba mashine imemla. Ataeleza hosteli nzima kabla ya kulala.

Kwa hiyo bandika namba ya simu kubwa inayosomeka, na anayeipokea arudishe pesa hapo hapo, shilingi 1,000 isiombewe ushahidi. Acha pia 5,000 kwa mtu wa mapokezi au mlinzi ili arudishe papo kwa papo, aandike jina na kiasi, nawe umjazie kila ziara. Watakaokudanganya watakuwepo, ila ni wachache kuliko utakaowapoteza kwa ubishi. Eneo ambalo watu wanajua pesa inarudi linanunua zaidi, na sijui tangazo linaloweza kufanya kazi hiyo.

Upande wako wa pesa taslimu, kaunta ya mashine ndiyo mwamuzi. Mjazaji asome kaunta, aipige picha, pesa iingie kwenye mfuko wenye namba na kufungwa pale pale. Hii inamlinda mjazaji kuliko inavyokulinda wewe, kwa sababu pesa ikipungua anaonyesha picha.

Kuhusu vibali nitasema kwa kifupi: namba ya mlipakodi na risiti za EFD ni mambo ya TRA, leseni ya biashara ni ya Halmashauri ya Jiji, na usalama wa chakula umekuwa chini ya TBS tangu mwaka 2019. La kuangalia mbele ni VAT. Tangu Julai 2023 kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mashine ya vitu 780 kwa mwezi kwa bei ya 1,000 inauza 9,360,000 kwa mwaka, kwa hiyo kwenye mashine ya 22 umevuka mstari. Kama umenunua bidhaa zako kwa wasambazaji waliosajiliwa na unazo risiti, utalipa VAT ya ile tofauti tu, kwa kiwango cha asilimia 18 ni kama shilingi 58 kwa kila kitu chenye faida ya 380, yaani karibu 45,000 kwa mashine kwa mwezi. Bila risiti hizo utalipa VAT ya bei nzima huku hukudai ulicholipa kwa muuzaji, na hiyo inatosha kuua njia iliyokuwa hai. Karanga zinazonunuliwa kwa msindikaji asiyesajiliwa hazina cha kudai, kwa hiyo hesabu zake zirudiwe kabla ya kufika huko.

Eneo lisilobeba mashine

Kuna wateja wadogo ambao hakuna marekebisho yatakayowabeba. Ofisi ya watu 12, saluni yenye viti vitatu, jimu inayofunguliwa saa chache. Mauzo yao ni vitu sita, saba kwa siku. Wako kwenye njia yako, wanakutaka, na kuwakatalia kunauma kwa sababu gari linapita mlangoni pao.

Hao wape friji ndogo ya mlango wa kioo na rafu, bei zimebandikwa, na Lipa Namba kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki. Mtu anachukua, analipa mwenyewe. Vitapotea vichache. Mahali ambapo watu 12 wanajuana kwa majina, vinavyopotea ni pungufu ya gharama ya mashine, na kama vikizidi mwambie mwenye ofisi tarakimu zilivyo, bila kumtuhumu mtu. Friji hiyo haidai 100,000 kwa mwezi. Inahitaji ziara ya dakika kumi wakati unaelekea kwa mkubwa.

Na kwa yule ambaye mashine ilishawekwa kwake na haiuzi, mkataba uwe na siku 90 za majaribio kwa pande zote. Siku ya 60 mpelekee karatasi: vitu vilivyouzwa, umeme uliotumika, ziara zilizofanyika. Mwonyeshe kiwango kinachohitajika na muulize kama kuna zamu mpya, wapangaji wapya, au mahali pengine ndani ya eneo lake penye watu. Mara nyingi kuisogeza mashine mita thelathini, kutoka nyuma ya stoo hadi karibu na geti la kutokea, kunabadilisha mauzo. Kama halipo la kubadilisha, siku ya 90 njoo na watu wawili na kirikuu, mlipe uniti za mwisho kwa mita ndogo, sawazisha zile 5,000 za mapokezi, na umwachie friji ya mlango wa kioo kama ataitaka.

Kisha mashine ipelekwe kwa jirani yake wa barabara ile ile.